Foleni Iliyomeza Sauti ya Shangazi

Shangazi alinisikia vizuri. Hilo ndilo nililolishika tangu mwanzo, na ndilo lililofungua fundo. Mimi Mombasa nilikuwa nikipata maneno yake vipande vipande: silabi zinamezwa, kimya cha nusu sekunde, kisha maneno matatu yanakuja kwa mkupuo. Yeye, nyumbani kwake Leicester, alishangaa. "Mbona wanirudisharudisha, mwanangu? Mimi nakupata wazi kabisa."

Katika simu ya intaneti, sauti inayokwenda na inayorudi ni misafara miwili. Kila mmoja una njia yake, na mmoja unaweza kukwama huku mwingine ukipita bila shida. Kwa kuwa iliyoharibika ilikuwa sauti yake peke yake, nikajua shida iko kwenye njia ya kutoka nyumbani kwake, au mahali fulani baada ya hapo. Dalili ya pili ilikuwa saa. Asubuhi tuliongea raha mustarehe. Jioni ndipo sauti ilipokatika.

Simu yenyewe ilikuwa ileile ya mezani aliyoizoea. Uingereza inauzima mtandao wake wa zamani wa simu za mezani, na tarehe ya mwisho iliyowekwa ni 31 Januari 2027, kwa hiyo shangazi alihamia simu ya intaneti kabla hajalazimika. Simu ilichomekwa kwenye adapta ndogo, na adapta ikaunganishwa kwa waya kwenye ruta. Intaneti yake bado inapita kwenye waya wa shaba wa kwenda mtaani, megabiti 10 hivi kwa sekunde za kuingia na megabiti 1 hivi ya kutoka. Aliyemuuzia huduma alimshauri anunue kifurushi kikubwa zaidi. Nilimsihi asubiri.

Hesabu ndiyo iliyonipa ujasiri huo. Kodeki ya kawaida ya simu, yaani mbinu ya kugeuza sauti kuwa data, ni G.711; hupima sauti mara 8,000 kwa sekunde na kuzaa kilobiti 64. Sauti hiyo hukatwa katika pakiti, kila moja ikibeba milisekunde 20 za maneno, yaani pakiti 50 kwa sekunde. Ongeza baiti 40 za anwani kwenye kila pakiti, jumla inafika kilobiti 80. Hata kwenye njia ya kilobiti 1,000, hiyo haifiki sehemu moja ya kumi. Nafasi ilikuwepo tele, na asubuhi ilikuwa ikishuhudia.

Wi-Fi niliiondoa haraka kwenye orodha ya washukiwa, maana adapta ilikuwa kwenye waya. Nikauondoa pia ule mpangilio wa ruta unaojifanya kuzisaidia simu za intaneti na badala yake kuzivuruga. Kosa lake lina alama zake: upande mmoja unakuwa bubu kabisa, au simu inakatika yenyewe kama nusu dakika baada ya kupokewa. Hapa sauti ilikuwepo, ila imemegeka.

Basi nikamwomba mjukuu wake, kijana wa miaka 15, afungue kompyuta iliyokuwa kwenye ruta ileile na apime pingi, yaani muda wa pakiti kwenda hadi kwa mtoa huduma na kurudi. Asubuhi ilikuwa milisekunde 24. Jioni, shangazi akiwa hewani nami, kijana alisoma kwa sauti: 900, 1,150, 1,300. Nikamwambia azime Wi-Fi kwenye simu yake ya mkononi. "Ishirini na nne," akasema, na papo hapo sentensi ya shangazi ikatakata, katikati ya neno, kama redio iliyopata masafa yake.

Mhalifu alikuwa mfukoni mwa kijana. Akirudi jioni kutoka uwanjani, simu yake hujiunga na Wi-Fi na kuanza kupeleka picha na video za siku nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni, bila yeye kugusa chochote.

Lakini kwa nini video za mtu mmoja zimnyime mwingine sauti, ilhali sauti inahitaji kidogo hivyo? Aliyewahi kusubiri feri Likoni, hapa Mombasa, ataelewa upesi. Ruta inapokea mizigo kutoka ndani ya nyumba kwa kasi kubwa, ila mlango wa kutokea ni mwembamba. Kinachozidi kinasubiri kwenye bafa, yaani kumbukumbu ya kusubiria ndani ya ruta. Kumbukumbu ilikuwa imeshuka bei, basi watengenezaji wengi waliweka bafa kubwa wakidhani wanatenda wema, ili pakiti yoyote isipotee. Hapo ndipo penye kosa. Programu inayopeleka faili kwa kawaida hupunguza mwendo pale inapoona pakiti zimepotea. Zisipopotea, inazidi kusukuma hadi bafa ijae pomoni. Bafa ya kilobaiti 256 kwenye njia ya megabiti 1 huchukua zaidi ya sekunde 2 kumaliza kutoka. Pakiti ya sauti, ndogo kama abiria mwenye kikapu kimoja, inasimama nyuma ya malori hayo yote.

Kuchelewa peke yake kungetufanya tukatizane tu, na tulikatizana sana. Shirika la kimataifa la mawasiliano ya simu, ITU, katika pendekezo lake la G.114, linataka sauti ifike ndani ya milisekunde 150 ili mazungumzo yaende kwa raha. Kilichomega maneno ni kupandashuka kwa foleni. Mtambo unaopokea sauti huweka akiba ndogo ya makumi ya milisekunde ili kusawazisha mwendo. Pakiti ikija baada ya zamu yake hutupwa. Silabi nilizozikosa zilifika, ila zilifika zimekwisha kupitwa. Ndiyo maana kubadili kodeki kwenda G.729 ya kilobiti 8, ushauri ninaousikia mara nyingi, kusingetufaa: pakiti zingekuwa nyembamba, lakini ndani ya foleni ileile.

Jim Gettys, mmoja wa waasisi wa mfumo wa X Window, aligundua kitu hiki mwaka 2010 nyumbani kwake, alipokuwa akinakili mafaili makubwa na intaneti ya nyumba nzima ikazorota. Aliupa ugonjwa jina lenye maana ya bafa kuvimba. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa CoDel, mbinu inayotazama pakiti imekaa foleni muda gani, wala si foleni ina urefu gani. Baadaye mbinu hiyo iliunganishwa na nyingine inayompa kila msafiri foleni yake, kama vile Likoni abiria wa miguu hawapangwi nyuma ya malori.

Tungeweza kumwambia kijana azime hifadhi ya picha jioni. Wiki ijayo ingekuwa simu ya mgeni. Tukanunua ruta ndogo inayotumia OpenWrt, mfumo huria wa ruta, ile ya zamani tukaiachia kazi ya modemu tu, na kijana akawasha CAKE, mrithi wa mbinu hizo. Siri ni kuiwekea kasi ya kutoka iliyo chini kidogo ya kasi halisi, ili foleni ijengeke kwa yule anayejua kuipanga, isijengeke ndani ya modemu.

Nilikosea hapo mara moja. Nilimwambia aweke kilobiti 900, na pingi ikapanda tena hadi mamia. Nilikuwa nimesahau kwamba intaneti ya shangazi hukata kila kitu katika vipande vya baiti 53, na 48 tu kati ya hizo ndizo mzigo. Karibu sehemu moja ya kumi inaliwa na anwani, kwa hiyo foleni ilirudi kwenye modemu bila mimi kujua. CAKE ina mpangilio wa kuhesabu kodi hiyo. Tulipouwasha, nikamwomba kijana apeleke video ya mechi nzima huku mimi na shangazi tukiongea.

Pingi ilikaa 38, mara 41. Kile kidogo kilichobaki juu ya 24 kina sababu: pakiti moja kubwa ya video huchukua kama milisekunde 13 kupita kwenye mlango huo, na lori lililokwisha kupanda daraja la feri huwezi kulirudisha. Shangazi alikuwa akinieleza ugomvi wa majirani. Nilisikia kijiko kikigonga kikombe chake.