Kreni ya Lori la Mafundi: Kutoka Kwenye Jeki Hadi Kwenye Ndoano

Kreni ya haidroliki inayofungwa nyuma ya lori la mafundi ni mashine ndogo ikilinganishwa na zile za bandarini au za kujengea maghorofa, na udogo huo unawafanya wengi waizoee upesi mno. Kazi yake ni kuufuata mtambo ulikoharibikia, iwe machimboni, shambani au kwenye mradi wa barabara, na kuinua injini, gia boksi au silinda ambayo watu hawawezi kuibeba. Mara nyingi fundi mmoja ndiye dereva, ndiye opereta, na ndiye anayefunga mzigo. Makosa ambayo kwenye kreni kubwa yangeonwa na watu watatu, hapa yanamtegemea mtu mmoja.

Ukoo wa mashine hizi unaanzia Sweden. Mwaka 1944 Eric Sundin, mtengenezaji wa ski katika mji wa Hudiksvall, alianzisha kampuni ya Hydrauliska Industri AB, ambayo kifupi chake, Hiab, leo kinatumika Afrika Mashariki kwa karibu kila lori lenye mkono wa kupakia. Wazo lilikuwa kuitumia injini ya lori lenyewe kuendesha pampu ya mafuta. Kreni ya mafundi, yenye mkono unaorefuka kwa kuchomoka na waya wa winchi kichwani, inafuata kanuni ileile.

Kwenye gia boksi ya lori hufungwa kifaa ambacho mafundi hukiita pitio. Kikiunganishwa, nguvu ya injini huzungusha pampu, pampu husukuma mafuta hadi kwenye valvu, na opereta akivuta mkono wa valvu mafuta huingia kwenye silinda anayotaka. Presha ndiyo inayotoa nguvu; wingi wa mafuta yanayopita ndio unaotoa kasi. Silinda yenye kipenyo cha milimita 100 ikipata presha ya bar 200 husukuma kwa nguvu ya takribani tani 16. Hapo huzuka swali la haki: kwa nini basi kreni hiyo haiwezi kuinua hata tani 3 mkono ukiwa umenyooshwa? Sababu ni kwamba silinda inasukuma karibu kabisa na bawaba ya mkono, ilhali mzigo unaning'inia mbali. Umbali unaila nguvu.

Kwa hiyo uwezo wa kreni si namba moja. Ni uzito ukizidishwa kwa umbali kutoka katikati ya nguzo inayozunguka hadi pale waya wa ndoano unaposhuka. Kreni ya tani-mita 6, kwa hesabu tupu, inabeba kilo 2,000 kwenye umbali wa mita 3, kilo 1,200 kwenye mita 5 na kilo 1,000 kwenye mita 6. Jedwali la mtengenezaji lililobandikwa kwenye nguzo huonyesha pungufu ya hapo, kwa kuwa mkono wenyewe una uzito na kila kipande kinachochomolewa kinausogeza uzito huo mbali zaidi. Jedwali ndilo la kufuatwa.

Tuchukue injini ya greda yenye kilo 900. Minyororo, shakeli na puli ya ndoano vikiongeza kilo 60, mzigo halisi ni kilo 960. Lori likiegeshwa mita 3 kutoka kwenye injini, kazi ni nyepesi. Likiegeshwa mita 6 kwa sababu dereva hakutaka kuondoa pipa lililokuwa njiani, kazi ileile inafikia ukingo wa uwezo au inauvuka. Dakika tano za kusogeza pipa zina thamani zaidi kuliko ustadi wowote wa kuvuta mikono ya valvu. Isitoshe, umbali hauna budi kupimwa mwanzo na mwisho wa safari ya mzigo. Injini iliyoinuliwa karibu inaweza kuhitaji kuwekwa mbali, na kreni huzidiwa hewani, pale ambapo kurudi nyuma ni kugumu.

Baada ya hesabu huja ardhi. Lori huwekwa breki ya mkono, magurudumu yakawekewa vigingi, kisha majeki ya pembeni yakatolewa mpaka mwisho. Jeki lililotolewa nusu hupunguza upana wa msingi, na jedwali la kawaida halitumiki tena. Mguu wa jeki ukibeba tani 6 kwenye bamba la sentimita 20 kwa 20, kila mita ya mraba ya ardhi chini yake inapokea mgandamizo sawa na wa tani 150. Ukiwekwa juu ya ubao mnene au bamba la plastiki la sentimita 60 kwa 60, mgandamizo unashuka hadi tani 17 hivi. Udongo mweusi wa mbugani, ambao kiangazi hukauka ukawa kama saruji na masika hugeuka tope, ndio unaoonyesha tofauti hiyo kikatili zaidi. Juu ya mfuniko wa shimo la maji taka, kando ya mtaro au kwenye kifusi kipya, jeki halifai kusimama hata kama kuna ubao. Mwisho hutumika pimamaji, kwa kuwa lori lililoinama huusogeza mzigo upande wa chini lenyewe, bila opereta kugusa chochote.

Uthabiti haulingani pande zote pia. Lori hilohilo linaweza kuwa imara mzigo ukiwa nyuma na likawa jepesi kupinduka mzigo ukizungushwa upande wa pili au mbele ya kabini. Opereta anayezungusha mkono bila kulirejea jedwali anahama kutoka kreni moja kwenda nyingine kwa nyuzi 90 tu.

Nyaya za umeme ndilo jambo lisilosamehe. Sheria ya usalama kazini ya Marekani inataka kila sehemu ya kreni na mzigo wake ibaki angalau futi 10, yaani mita 3 na ushee, kutoka kwenye laini ya hadi kilovolti 50, na futi 15 kwa laini ya zaidi ya hapo hadi kilovolti 200. Laini za kilovolti 11 na 33 zinazopita juu ya vijiji vya Tanzania na Kenya zimo katika kundi la kwanza. Umeme wa aina hiyo hausubiri chuma kiguse waya. Unaweza kuruka hewani. Hatari kubwa zaidi ni kwa opereta aliyesimama chini akishika mikono ya valvu ubavuni mwa lori: miguu yake iko ardhini, viganja vyake viko kwenye chuma, na mwili wake ndio njia. Rimoti isiyo na waya inamwondoa mahali hapo, na hiyo pekee inatosha kuhalalisha bei yake. Kreni ikigusa laini, aliye kabini abaki humo mpaka umeme uzimwe. Ikiwa moto unamlazimisha kutoka, aruke miguu ikiwa pamoja, asiguse lori na ardhi kwa wakati mmoja, kisha asogee mbali kwa hatua fupi za kuburuza nyayo.

Kwenye kufunga mzigo, pembe ya minyororo hudharauliwa kuliko inavyostahili. Mzigo wa kilo 1,000 ukibebwa na minyororo miwili iliyosimama kwa nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi, kila mnyororo unabeba kilo 577. Kwa nyuzi 45 ni kilo 707. Kwa nyuzi 30 kila mmoja unabeba kilo 1,000 kamili, kana kwamba ule wa pili haupo. Minyororo mirefu zaidi ni dawa rahisi, ilimradi juu kuna nafasi.

Kisha kuna boliti iliyosahaulika. Injini inapotolewa kwenye fremu, boliti moja ya nyuma, iliyofichwa na grisi na vumbi, huweza kubaki imekaza. Opereta anavuta, injini haisogei, anaongeza. Sasa kreni haiinui kilo 900. Inavuta fremu ya greda nzima, na boliti ikikatika nguvu yote inaachiwa kwa mpigo. Mzigo usiopanda kwa mvuto wa kawaida usilazimishwe. Kwa sababu iyo hiyo kreni haitumiki kuburuta kitu kwa pembeni: mkono umeundwa kubeba kwenda chini, na nguvu ya ubavuni huupinda.

Mzigo ukishaachana na vishikizo vyake, huinuliwa sentimita chache na kusimamishwa. Majeki yanaangaliwa kama yamezama, minyororo kama imekaa, mzigo kama umelala sawa. Ndipo kazi inaendelea, taratibu, watu wakiongoza kwa kamba na hakuna aliye chini ya mzigo. Kreni yenye winchi ina mtego wake wa pekee: mkono ukirefushwa bila waya kulegezwa, ndoano hupanda yenyewe hadi ikagonga kichwa cha mkono, na waya hukatika. Swichi inayokata mwendo kabla ya kugongana huko lazima ijaribiwe kila siku, bila mzigo. Swichi hiyo, pamoja na kihisio kinachozuia kreni isizidishiwe uzito, ndivyo vifaa vinavyorukwa kwa kipande cha waya pale kazi inapokuwa na haraka. Kreni iliyofanyiwa hivyo haifai kuingia kazini, hata kama inainua vizuri.

Matengenezo huanzia kwenye mafuta. Mafuta yenye rangi ya maziwa yameingiwa na maji. Yenye povu na pampu inayolia yameingiwa na hewa. Yanayonuka kuungua yamepita joto lake, na juu ya nyuzi joto 80 hivi sili huanza kuharibika. Uchafu ndio muuaji mkuu, kwa hiyo filta hubadilishwa kwa saa za kazi zilizoandikwa kwenye kitabu cha mashine, wala si kwa kukisia, na kifuniko cha tangi hufutwa kabla ya kufunguliwa. Baada ya kazi pitio huachanishwa. Pampu inayozunguka lori likiwa barabarani huchemka na kujiua.

Hozi zilizochubuka au kuvimba hubadilishwa mara moja. Tundu dogo kama la sindano halitafutwi kwa mkono. Mafuta yanayotoka kwa presha hiyo hupenya ngozi, yakaacha alama ndogo isiyouma sana mwanzoni, na kidole au mkono mzima ukapotea kwa kuchelewa. Hutumika kipande cha boksi, na aliyechomwa hupelekwa hospitali saa hiyohiyo. Hozi ikipasuka kazini, valvu ya kushikilia mzigo iliyofungwa moja kwa moja kwenye silinda ndiyo inayozuia mkono usidondoke. Mkono unaoshuka polepole wenyewe huku mikono ya valvu imeachwa unaonyesha kwamba valvu hiyo au sili za silinda zimechoka.

Waya wa winchi hutupwa ukionyesha nyuzi sita zilizokatika ndani ya mzunguko mmoja wa msokoto, au tatu katika kikamba kimoja, au kipenyo kikipungua kwa zaidi ya asilimia 5. Ndoano iliyofunguka mdomo kwa asilimia 5 au inayoonekana kujisokota haifai tena. Boliti zinazoshika kreni kwenye fremu na zile za beringi ya mzunguko hukazwa kwa spana ya kupimia nguvu. Alama ya rangi ikichorwa kwenye kila kichwa cha boliti, iliyolegea hujulikana kwa jicho.

Uingereza, kwa kanuni zake za mwaka 1998, inataka kreni ichunguzwe kikamilifu na mtaalamu angalau kila miezi 12, na minyororo na mikanda kila miezi 6; nchini Tanzania kazi ya kukagua vifaa vya kunyanyulia iko chini ya OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi. Ukaguzi huo unagundua nyufa kwenye welding na mikono iliyopinda. Mkono wa kreni ni wa chuma cha nguvu kubwa kilichopata ugumu wake kiwandani, na joto la gesi ya kukatia linauondoa ugumu huo bila kuacha dalili ya macho. Mkono uliopinda haunyooshwi kwa moto wala hauongezwi bamba na mchomeleaji wa mtaani. Hutengenezwa kwa maelekezo ya mtengenezaji na kujaribiwa kwa mzigo kabla ya kurudi kazini, au hubadilishwa.