Ndizi, Sukari na Fangasi wa Daktari Crook

Kitabu cha Daktari William Crook, The Yeast Connection, kilitoka Marekani mwaka 1983, na mafundisho yake yanatembea hadi leo. Hoja yake ni nyepesi kushika. Fangasi aina ya kandida, aliye wa ukoo mmoja na hamira, hukaa tumboni mwetu kimya kimya. Tukila sukari nyingi au tukimeza viuavijasumu ovyo, huzaana kupita kiasi na kutuletea uchovu, huzuni, gesi tumboni, kuumwa kichwa na mengine chungu nzima. Basi mnyime sukari, naye atanyauka.

Nianze na sifa, maana anastahili. Crook alikuwa daktari wa watoto na wa mzio huko Jackson, Tennessee, na wazo hilo alilipokea kwa daktari mwenzake, Orian Truss wa Birmingham, Alabama. Wote wawili waliwasikiliza wanawake waliokwisha kuambiwa kwingine kwamba ugonjwa wao uko kichwani tu. Mtu aliyewahi kukaa kwenye benchi la zahanati tangu alfajiri, kisha akaandikiwa dawa kabla hajamaliza sentensi ya kwanza, atajua kwa nini kitabu hiki kilipendwa. Tena Crook alikemea viuavijasumu vinavyotolewa kama karanga. Hapo sina ugomvi naye.

Ugomvi unaanzia kwenye dodoso lake, ambalo msomaji hujipimia mwenyewe kwa alama. Je, una hamu ya sukari? Ya mkate? Moshi wa tumbaku unakukera? Hali yako huzidi siku za unyevunyevu? Sasa, msomaji mpenzi, chukua dodoso hilo uje nalo Tukuyu. Huku mvua hunyesha karibu mwaka mzima, ukungu hushuka kutoka mlima Rungwe na kulala juu ya mashamba ya chai, na koti likisahauliwa kabatini huota ukungu wa aina nyingine. Jikoni kuna moshi wa kuni, na chai ya mgeni isiyokolea sukari huhesabiwa kuwa ni uchoyo. Kwa alama hizo wilaya nzima tu wagonjwa! Kipimo kisichomwacha mtu si kipimo, ni kokoro.

Wanasayansi hawakunyamaza. Mwaka 1990 jarida la New England Journal of Medicine lilichapa jaribio lililofanywa huko huko Alabama kwa wanawake 42, waliopewa nistatini au dawa bandia bila wao wala madaktari kujua ipi ni ipi. Muwasho wa ukeni ulipungua zaidi kwa nistatini, kama ilivyotarajiwa. Lakini uchovu, huzuni na zile dalili nyingine za mwili mzima hazikupungua kuliko kwa dawa bandia. Kandida yupo, na huuma anapouma. Huyu mwingine, anayeelezea kila uchovu, hajathibitishwa.

Halafu kuna orodha ya vyakula. Niliyoiona Tukuyu imetafsiriwa na kunakiliwa kwa mkono, na katika safu ya vilivyokatazwa imeandikwa "ndizi", basi. Kwa Mmarekani ndizi ni tunda tamu la kumenya na kula. Kwetu Rungwe ndizi ni chakula: ndizi mbichi zikipikwa na nyama ndiyo mbalaga, na nyumba isiyo na mgomba nyuma yake haijakaa sawa. Ndizi mbichi ni wanga zaidi kuliko sukari, na iliyoiva ni kinyume chake. Aliyetafsiri alihamisha neno akaacha kitu chenyewe ng'ambo. Amekataza na mkate wa hamira, kana kwamba hamira iliyokwisha kuokwa bado itafufuka tumboni.

Mtu anaweza kuuliza, kuna ubaya gani? Kupunguza sukari kuna faida zake, fangasi awepo asiwepo. Ni kweli. Ila jirani yangu mmoja, mama wa makamo, aliifuata orodha hiyo miezi minne kwa sababu ya fangasi waliokuwa wakimrudia rudia. Alikonda, watu wakamsifu. Kiu ikamzidi, akawa anaamka usiku mara nne kwenda msalani. Alipofika kupimwa, muuguzi akamwambia, "Mama, fangasi huyu hakuja peke yake. Kuna aliyemfungulia mlango." Ilikuwa kisukari. Ingeweza kuwa kingine, kwani fangasi wa kinywani na wa ukeni wanaorudi rudi ni miongoni mwa dalili za upungufu wa kinga, na uchunguzi wa kitaifa wa 2016 hadi 2017 ulikuta asilimia 9.3 ya watu wazima wa mkoa wa Mbeya wana virusi vya UKIMWI. Kwa vyote viwili kuna kipimo cha tone la damu na kuna dawa. Orodha ile ina vyakula zaidi ya 40, lakini haina mstari hata mmoja unaosema: kapime.

Siku hizi mama huyo anameza vidonge vyake na chai anainywa bila sukari, jambo ambalo Crook angelifurahia. Mbalaga amerudia, kwa kipimo cha sahani ndogo alichoonyeshwa kliniki. Orodha ameibandika ukutani jikoni, upande wa nyuma ukiwa mbele, akiandikia tarehe za kurudi kliniki.