Dini, Mila na Mpaka wa Katiba

Kauli ya kwamba serikali haina dini imerudiwa mno nchini Tanzania hata ikawa kama methali: hakuna tena anayeiuliza maana yake. Kasoro yake haimo katika neno serikali, bali katika neno dini.

Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Msomaji wa Visiwani atatambua upesi kwamba mpaka huo haupiti pamoja kila mahali, kwani Zanzibar Mahakama ya Kadhi ipo kwa sheria, na Mufti huteuliwa na Rais wa Zanzibar. Hata hivyo, Bara na Visiwani, dini inayokusudiwa aghalabu ni ile yenye kitabu, viongozi na usajili.

Nyarero, wilayani Tarime, katika nchi ya Wakurya, ndiko maana hiyo inakopungua. Huko yapo makanisa, na ipo pia inchama, baraza la wazee wanaosimamia matambiko na kupanga msimu wa tohara. Kanisa huitwa dini. Inchama huitwa mila. La kwanza lina hifadhi ya Ibara ya 19; la pili limeachiwa mkuu wa wilaya na polisi.

Jambo lenyewe ni zito, maana katika msimu huo wasichana nao hukeketwa. Sheria ya mwaka 1998 imekataza kumkeketa aliye chini ya miaka 18, na kanisa limewapa hifadhi wanaokimbia kisu. Hilo ni haki tupu. Lakini anayedhani kuwa binti hulindwa kwa kuinyima inchama jina la dini amekosea. Ibara hiyohiyo inairuhusu sheria kuiwekea mipaka dini yoyote kwa ajili ya usalama wa jamii. Jina hilo halimpi mzee kinga.

Linalobadilika ni namna ya kusema naye. Mwenye mila huamrishwa, naye hukificha kisu. Mwenye imani huulizwa: je, wahenga wanadai damu ya binti, au wanataka atambuliwe kuwa ametoka utotoni? Sherehe za kuvuka rika bila kukeketwa zimekwisha kufanyika Tarime. Zitadumu pale wazee wenyewe watakapolijibu swali hilo, na askari hawezi kuwajibia.