Fundi Apimapo Ukuta

Mwashi aliyejenga nyumba yetu Mwakingali, hapa Voi, aliacha pango ukutani kati ya mlango na pembe ya chumba, ili siku moja liwe kabati la nguo. Mama alilipima mwenyewe kwa tepu ya kushonea, mara moja tu, pale katikati, akapata sentimita 184. Fundi seremala alipokuja, mama akamtajia hesabu yake. "Sawa, mama," akajibu kwa upole, kisha akapiga magoti akaanza upya.

Chini kabisa, sakafuni: 183.5. Usawa wa kifua: 184, mama hakukosea. Akapanda juu ya kigoda akapima karibu na dari: 182.4. Hiyo ya mwisho ndiyo aliyoizungushia duara kwa penseli. Kabati la 184 lingekwama juu, na wa kulaumiwa angekuwa yeye, si mwashi. Sentimita moja na nusu haionekani kwa macho. Nimelala chumba hicho miaka mingi nikiamini kuta zake zimesimama wima.

Kisha akaijaribu pembe. Alitia alama sentimita 90 kwenye ukuta mmoja, 120 kwenye wa pili, akanyoosha tepu kutoka alama hadi alama. Pembe iliyo sawasawa hutoa 150 kamili. Yetu ilitoa 151. Akanionyesha maana yake kwa kiganja: kwa kabati lenye kina cha sentimita 60, ubavu wake ungeachana na ukuta kwa karibu milimita 8, nafasi ya kutosha mende na vumbi letu jekundu. Hapo atachonga ubao mwembamba ufuate ukuta jinsi ulivyopinda. Sikumsikia akimsema mwashi vibaya hata mara moja.

Sisi wa Voi tungepaswa kuijua thamani ya milimita kuliko wengi. Reli mbili zinapita mji huu: ile ya zamani yenye upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma, na ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, yenye 1,435. Zimekaribiana, lakini behewa la moja haliwezi kutembea juu ya nyingine.

Nilichokipenda zaidi kilikuja baada ya ukuta. "Mama, niletee nguo yako iliyo ndefu kuliko zote." Mama akaleta gauni lake la kanisani. Fundi akalitundika kwenye hanga, akapima kutoka fimbo hadi pindo: 148. Akaomba leso zikunjwe vile mama anavyozikunja siku zote, si vile zinavyokunjwa dukani, akapima upana wa mkunjo na kimo cha leso kumi zilizopangwa. Akamwomba mama anyooshe mkono juu bila kusimama kwa vidole: 192. Rafu ya vitu vya kila siku haitapita hapo. Akamuuliza habari za magoti yake. Mama akacheka, kisha akamwambia ukweli, na droo ya chini ikapanda juu kidogo kwenye mchoro.

Watu wa pwani walipima kwa mwili tangu zamani: shibiri ni kiganja kilichotanuliwa, dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, pima ni mikono miwili iliyonyooshwa. Tepu ya chuma imeziondoa hesabu hizo sokoni, lakini fundi huyu, alipokuwa akiupima mkono wa mama, alikuwa bado ndani ya ufundi uleule.

Mwishowe akaketi na karatasi. Bodi ya dukani ina sentimita 244 kwa 122. Ukiipasua katikati kwa urefu, na msumeno ukala milimita zake 3, unapata vipande viwili vya 60 na mabaki kidogo. Na hanga yenye koti huhitaji kina hichohicho. Chini aliacha sentimita 10 wazi, kabati lisimame juu ya miguu, ili mchwa wakianza kujenga njia yao ya udongo mama aione mapema. Huku kwetu mtu asiyewahesabu mchwa hajamaliza kupima.

Kazi yote ilichukua saa mbili, na hakuna ubao uliokatwa. Jirani aliyepita alidhani fundi anapoteza wakati. Wiki iliyofuata ubavu wa kushoto uliingia mahali pake kwa kusukumwa na kiganja.

Basi ukimwita fundi aje kupima, toa kila kitu kilichomo, mwonyeshe nguo zako jinsi zilivyo, na umpe kigoda. Usimharakishe, na umlipe saa hizo mbili kama unavyomlipa za kukata na kupigilia misumari.