Hongera, Masonara wa Perpignan

Masonara wa Perpignan, kusini mwa Ufaransa, wanastahili pongezi kwa kuendelea kupachika ganeti nyekundu kwenye dhahabu ya karati 18 kwa mtindo wa wazee wao. Geuza herini yao: nyuma kumezibwa. Chini ya jiwe kumefichwa utando mwembamba wa madini unaorudisha mwanga, na hapo ndipo wekundu unapowaka. Ufundi huo! Tangu 2018 ganeti ya Perpignan inalindwa kisheria.

Anayetaka za kale aulizie kwa wauza vitu vya kale mjini humo, katika mji wa L'Isle-sur-la-Sorgue, au kwenye soko la Saint-Ouen kando ya Paris. Aangalie kwa lenzi chapa ya dhahabu ya kichwa cha tai, iliyoanza 1838. Akinunua, asizitumbukize majini. Yakipenya, utando hupiga weusi.