Moto wa Kwanza si wa Kuchomelea

Mwenye mashine na rodi anaweza kuunga geti. Chuma cha geti hutanuka kikipata moto, hunywea kikipoa, na kikizidiwa hupinda kidogo, maisha yakaendelea. Chuma cha kusubu hakina uvumilivu huo. Kimejaa katika bodi za mashine za kusaga na za kukamua alizeti, kutoka Kibaigwa mkoani Dodoma hadi Singida, nacho ndicho kinachompima fundi.

Chanzo ni kaboni. Chuma cha geti huwa nayo chini ya asilimia 0.3, cha kusubu hufika 2 hadi 4, sehemu kubwa ikiwa vigamba vyembamba vya grafiti ambavyo ufa huvifuata kama njia. Ukichoma sehemu moja ghafla, hiyo hutaka kutanuka na jirani yake aliye baridi hukataa. Ikipoa huvuta, na kwa kuwa haipindi, hupasuka. Tena ukingoni mwa mshono, chuma kilichopoa haraka huwa kigumu hata tupa huteleza.

Basi ni lazima kukipasha kwanza? Si lazima, ila asiyepasha alipe kwa subira. Njia ya kwanza ni kupasha kipande kizima polepole juu ya mkaa, hata kupita nyuzi 260 za Selsiasi, kukichomelea kikiwa bado moto, kisha kukifukia kwenye majivu makavu hadi asubuhi. Ya pili ni ya baridi: rodi ya nikeli, mshono wa sentimita mbili tatu, kuugonga kwa nyundo ndogo ukiwa wa moto, kungoja mpaka mkono uvumilie kuugusa, ndipo kuhamia upande mwingine. Kinachoharibu kazi ni kupasha kona moja na kuiacha nyingine.

Mtazame fundi anayekijua chuma hiki kabla hajawasha chochote. Anapaka mafuta ya taa, anafuta, anapitisha chaki. Mafuta yaliyojificha yanachora ufa wote, mara nyingi mrefu kuliko ulivyoonekana. Kila mwisho anautoboa kwa drili ili usiendelee kukimbia. Kazi ya kujua imetangulia kazi ya moto.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Kwa hiyo mavuno na upepo baridi wa Juni hufika pamoja: mashine zinalemewa wakati uleule hewa inapopoza mshono upesi. Fundi husimamisha bati kukinga upepo, mwenye mashine naye amesimama nyuma yake akihesabu magunia.

Mafundi wetu wamesemwa sana kwa “njoo kesho” zao, na nyingine zinastahili kusemwa. Lakini ipo moja ya kweli kabisa: ya fundi anayekataa kufukua majivu jioni, ingawa pesa ipo mkononi mwa mteja na angeweza kuipokea leo.