Farasi Aliyeishia Herufi ya D: Kitabu cha Kiingereza kwa Vakansi ya Watoto Wetu



Kila Julai swali ni lileile kwenye simu zetu: "Yaya, mtoto wangu amemaliza mwaka wa saba, nimupe kitabu gani cha Kiingereza asome wakati wa vakansi?" Na majibu yetu ni yaleyale: kamusi ndogo, kitabu cha grama, ama karatasi za mazungumzo ya kukariri, mtu ananunua tiketi ya treni kule London. Leo nayapinga majibu hayo. Nataka kusema juu ya kitabu kimoja nilichosoma na watoto tisa pale Kasongo vakansi iliyopita, uzuri wake na kasoro zake. Lakini kwanza niungame kosa langu.

Mimi ni mtu wa agronomia. Lisansi ninayo, na pointi zangu za Kiingereza hazikuwa mbaya. Mwaka mmoja mama alinunua sokoni chupa ya dawa ya wadudu iliyotoka mashariki, maandishi yote ya Kiingereza. Akaniita: "Mwanangu, weye ulisoma, hii inasema nini?" Chini kabisa palikuwa na mstari unaokataza kuvuna "within" siku 14. Neno la kuvuna nililijua, la kukataza pia, namba niliiona. Hilo neno dogo la katikati sikulijua, na nikaona haya kusema sijui. Nikamwambia: "Mama, uvune kabla siku 14 hazijaisha." Kumbe njo kinyume kabisa: ilitakiwa tungoje siku 14 zipite. Mama akavuna lenga-lenga siku ya sita, tukala, tukauza. Mungu alisaidia, hatukusikia mtu aliyeugua. Lakini wateja wa mama nawafahamu kwa majina, na nikikutana nao naangalia chini.

Basi, kitabu chenyewe ni Animal Farm cha George Orwell, kilichotoka Uingereza Agosti 1945. Kwa Kiswahili kipo tangu 1967, Fortunatus Kawegere alipokitafsiri kwa jina la Shamba la Wanyama, kikachapwa Nairobi. Ni mwaka uleule MPR ilipozaliwa kwetu, na wazee waliocheza animasyo ya wakati ule wakisikia habari za kondoo wa kitabu hiki wanacheka peke yao.

Hadithi ni sura 10 tu. Wanyama wanamfukuza mwenye shamba mlevi, wanaandika sheria 7 ukutani, halafu nguruwe wanajifanya wakubwa mpaka mambo yanarudi palepale. Wengi wetu tuliambiwa kwamba hicho ni kitabu cha kumsema Stalin na Urusi yake, tukaishia hapo. Ni kweli. Lakini mtoto wa miaka 13 wa Kasongo, Stalin ana kazi gani naye? Nilipokisoma tena niliona jambo jingine linalopita kutoka sura ya pili mpaka mwisho: nani anajua kusoma, na nani hajui.

Angalieni. Nguruwe walijifundisha kusoma kwa kitabu cha zamani cha watoto wa mwenye shamba, kilichokuwa kimetupwa jalalani. Muriel, yule mbuzi, anasoma vizuri kiasi. Clover anazijua herufi zote lakini hawezi kuziunga. Kondoo hawafiki hata hapo. Wanakariri msemo mmoja na kuupiga kelele. Boxer, farasi mwenye nguvu kuliko wote, anafika herufi ya D, anakwama. Benjamin, yule punda, anasoma kama nguruwe, lakini hataki.

Na uonevu unaingia kupitia mlango huo. Mwanzoni nguruwe hawafuti sheria ukutani. Wanaongeza maneno mawili mwishoni. Sheria ya kutolala kitandani inaongezewa habari ya mashuka. Ya kutokunywa pombe inaongezewa habari ya kupita kiasi. Ya kutouana inaongezewa habari ya sababu. Clover anahisi kuna kitu kimebadilika, anamwita Muriel amsomee, Muriel anasoma kilichopo ukutani, basi. Watoto walicheka sana mahali hapo. Mimi nikawaeleza habari ya lenga-lenga ya mama, wakanyamaza.

Tulifanyaje kazi? Asubuhi nilisimulia sura kwa Kiswahili chetu, kisha tulisoma kurasa mbili za fotokopi kwa Kiingereza, pole pole, kila mtoto akiandika maneno matano kwenye kaye yake. Kifaransa tulikiacha pembeni. Najua kuna walimu hawatapenda. Lakini kwetu mtoto anafundishwa lugha ya tatu kupitia lugha ya pili ambayo bado haijakaa vizuri kichwani, wakati ya kwanza anayo mdomoni. Kiswahili kilifika Kasongo na misafara ya wakati wa Tippu Tip, kwa njia ya Kabambare kutoka ziwani. Leo ni lugha ya nyumbani kwetu. Kwa nini tusiitumie kumvusha mtoto?

Sasa kasoro. Ya kwanza: mtoto wa mwaka wa saba hawezi kitabu hiki peke yake. Sentensi nyingine ni ndefu, na maneno ya shamba la Kiingereza ni magumu hata kwangu.

Ya pili: shamba lile si la kwetu. Kuna kazi kubwa ya kukata na kukausha majani ya mifugo. Watoto wa mpunga na mihogo waliniuliza: "Wanakausha majani ya nini, na majani iko kila pahali?" Ilibidi nieleze baridi ya Ulaya, wakati ambapo majani hayaoti. Lakini habari ya kuku haikuhitaji maelezo. Nguruwe wanakubali kuuza mayai 400 kila wiki, kuku wanagoma siku 5, wananyimwa chakula, wanashindwa, tisa wamekufa. Mtoto ambaye masomo yake yanalipwa kwa kuku wa mama alielewa kabla sijafika mwisho wa ukurasa.

Kasoro ya tatu njo kubwa, na aliyeiona ni mtoto. Kulikuwa na msichana aliyekimbia Kabambare na kukaa kwa mama yake mdogo. Kaka yake aliacha masomo mwaka wa nane, yuko kwenye mashimo ya dhahabu. Tulipofika pa herufi ya D akauliza: "Yaya, nani alimufundisha Boxer, na saa gani? Si alikuwa anabeba mawe muchana muzima?" Sikuwa na jibu. Orwell anaandika kana kwamba Boxer alizaliwa na kichwa kizito, basi imekwisha. Hatuonyeshi kwamba anayeamka kabla ya wote kwenda kuvuta mawe hana saa ya kukaa na herufi. Ila kwenye sura ya 9 anagusa jambo hilo kidogo: Boxer anatumaini kwamba akistaafu atajifunza herufi 22 zilizobaki. Kustaafu hakumfikii. Anauzwa kwa mchinja farasi.

Mwaka 1947 kitabu hiki kilitolewa kwa Kiukreni, kwa wakimbizi waliokuwa kwenye kambi za Ujerumani, na Orwell mwenyewe akawaandikia dibaji. Anaeleza kwamba wazo lilimjia alipomwona mtoto wa miaka kama 10 akimchapa farasi mkubwa wa mkokoteni, akawaza itakuwaje wanyama hao wakijua nguvu zao. Kwa hiyo si ajabu kwamba msomaji wetu mkali kuliko wote alikuwa mtoto aliyekimbia kwao.

Na Benjamin? Benjamin njo sisi wenye lisansi. Alijua kusoma siku zote, akasema hakuna kitu cha maana cha kusomwa. Siku aliyosoma kwa sauti maandishi ya ubavuni mwa gari la mchinjaji, Boxer alikuwa tayari ndani. Sisi nasi tuna diploma ukutani, na mdogo wetu nyumbani anakariri tiketi ya treni.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Mwaka wa saba waanze na hadithi fupi za African Storybook, kazi ya Saide ya Afrika ya Kusini: ni za bure, na nyingi utazipata kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mwaka wa nane wasome Animal Farm, mkubwa mmoja akiwa pembeni. Orwell alikufa 1950, na katika nchi nyingi, Uingereza ikiwemo, haki za kitabu zimekwisha tangu 2021, basi kukipata kwa simu si kazi.

Katika watoto wangu tisa, watatu waliacha katikati ya Agosti kwenda kufyeka na wazazi. Sita walifika mwisho. Siku ya mwisho nilileta chupa ya dawa, ileile ya mama, nikawaonyesha mstari wa chini. Walibishana kidogo juu ya lile neno dogo. Msichana wa Kabambare akaweka kidole juu yake, akasoma tena, akasema: "Tungoje kwanza. Siku 14 zipite."

Aliye Kasongo ama Kabambare vakansi hii na ana saa mbili za asubuhi, aniandikie. Fotokopi ninazo.